Kwa Pikipiki Kutoka Isebania Hadi Nadapal

Mtu asimamaye asubuhi katika soko la Isebania akageuza uso wake kusini, ataona Sirari, mji wa Tanzania, karibu sana hata mgeni hawezi kutambua kwa urahisi mji mmoja waishia wapi na wa pili waanzia wapi. Akigeuka kaskazini, mbele yake yaanza barabara kuu iitwayo A1. Wakulima na makarani wa Migori na Homa Bay waijua barabara hii hadi Kisii, na wengi wao hadi Kisumu, kwa maana ndiyo ichukuayo mahindi, tumbaku, miwa na ndizi zao. Lakini si wengi wajuao ya kuwa barabara hiyo hiyo haikomi Kisumu, wala Kakamega, wala Kitale. Yashuka milima ya Pokot, yakata nchi kavu ya Turkana, yapita Lodwar na Kakuma, nayo yafika Nadapal, mpakani mwa Kenya na Sudan Kusini. Urefu wake wote ni takriban kilomita 900.

Safari hii yawezekana kwa pikipiki ndogo, ile ile ya bodaboda ambayo tangu mwishoni mwa miaka ya 2000 imejaa katika kila njia panda ya Nyanza. Lakini kuwezekana si sawa na kuwa rahisi. Mwenye kuianza bila kujitayarisha atajuta kabla ya kufika nusu ya njia.

CHOMBO NA MZIGO

Pikipiki ya nguvu ya sisi 125 au 150 huwa na tangi lichukualo lita 11 hivi za petroli. Katika lami nzuri lita moja humpeleka mtu kilomita 40 au zaidi, lakini mzigo, joto, upepo wa uso na mchanga hupunguza hesabu hiyo. Basi msafiri asihesabu kwa tamaa. Tangu Makutano ya Kapenguria kuelekea kaskazini vituo vya mafuta ni vya mbalimbali, na yafaa achukue lita tano za akiba katika chombo cha chuma kifungwacho vizuri, wala si katika chupa ya plastiki ipatayo kuvimba kwa jua.

Vitu vingine ni hivi: tyubu mbili, viraka na gundi yake, pampu ya mkono, spana, plagi moja mpya, waya wa klachi, na kiungo cha cheni. Kila jioni cheni ipakwe oili na chujio la hewa likung'utwe vumbi, kwa sababu vumbi la Turkana ni laini kama unga na huila injini kimyakimya. Maji ya kunywa yasipungue lita tano kwa mtu mmoja, na zaidi ya hapo baada ya Marich. Leseni, bima na kitambulisho vikae katika mfuko usioingia maji, kwa kuwa vizuizi vya polisi ni vingi. Kofia ngumu ya kichwani si pambo. Ni lazima kwa sheria, na ni lazima kwa akili.

Safari yafaa igawanywe katika siku nne. Siku mbili za kwanza ni za nchi ya mashamba, na mbili za mwisho ni za nchi ya mifugo.

SIKU YA KWANZA: ISEBANIA HADI KISUMU

Isebania ni mji wa Abakuria. Watu hawa hukaa pande zote mbili za mpaka, nao hawakuulizwa neno wakati mpaka ulipochorwa. Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani walipatana huko Ulaya ya kuwa mstari utoke pwani, upinde kando ya Kilimanjaro, kisha uende moja kwa moja hadi mahali ambapo digrii moja ya kusini ya Ikweta hukutana na ufuo wa mashariki wa Ziwa Victoria. Mstari huo ulipita katikati ya mashamba na malisho ya Abakuria. Hata leo ndugu wa ukoo mmoja wana vitambulisho vya serikali mbili, na ng'ombe wa mahari huvuka mpaka kama walivyovuka wakati wa babu zao.

Toka Isebania barabara yashuka hadi mji wa Migori, kisha yapita Awendo, penye kiwanda cha sukari cha Sony, na mashamba ya miwa yaliyotanda kulia na kushoto. Huko Rongo njia yagawanyika: ya kushoto yaenda Homa Bay na ziwani, na ya mbele yapanda Kisii. Mpanda pikipiki atajua amefika Kisii kwa baridi ipenyayo mikononi na kwa migomba isiyoacha nafasi. Katika nchi hii mvua hupita milimita 1,500 kwa mwaka, na hakuna kipande cha ardhi kilichoachwa bure. Yafaa msafiri aitazame vizuri, aiweke moyoni, maana siku ya tatu atakapoona nchi isiyo na jani bichi ataikumbuka.

Baada ya Kisii barabara yashuka kupitia Oyugis, katika Kaunti ya Homa Bay, hadi Sondu, ambako wanunuzi wa Waluo, Wakipsigis na Wakisii hukutana siku za soko. Maji ya mto wa Sondu ndiyo yaendeshayo mitambo ya umeme ya Sondu-Miriu yenye nguvu ya megawati 60. Halafu ni uwanda wa Nyando na mashamba ya mpunga ya Ahero, mahali ambapo mafuriko huwahamisha watu karibu kila masika, na hatimaye Kisumu. Reli ilifika hapa mwezi wa Desemba 1901, na mji uliitwa Port Florence wakati ule. Kwa siku moja msafiri amekwenda karibu kilomita 200. Apumzike.

SIKU YA PILI: KISUMU HADI KITALE

Asubuhi barabara yapanda vilima vya Maragoli, yavuka Ikweta, na kuingia Kakamega. Katika miaka ya 1930 wazungu walimiminika hapa kwa ajili ya dhahabu, na ardhi ya wenyeji iliyokuwa imeahidiwa kuwa yao milele ikachimbwa. Msitu wa Kakamega ungali upo, nao ni masalio ya msitu mkubwa wa mvua uliowahi kuungana na misitu ya Kongo.

Mbele ni Webuye kando ya mto Nzoia. Kiwanda cha karatasi cha mahali hapo kilikuwa kazi na chakula cha maelfu ya watu hadi kilipofungwa mwaka 2009. Kutoka hapo barabara yaenda Kitale chini ya kivuli cha Mlima Elgon. Kitale, iliyo mita 1,900 hivi juu ya bahari, ni ghala ya mahindi ya Kenya, na ndiko ilikoanzishwa kampuni ya mbegu, Kenya Seed, mwaka 1956. Mkulima wa Kuria au wa Rachuonyo apandaye mbegu ya mahindi ya Kitale atafurahi kuona ardhi ilikozaliwa mbegu hiyo.

Hapa Kitale msafiri ajaze kila kitu: mafuta, maji, chakula, na upepo katika magurudumu. Aangalie breki, maana kesho atashuka mteremko mrefu kuliko wote wa safari. Tena aulize habari za njia. Madereva wa malori watokao Lodwar hulala Kitale, nao wajua habari za jana kuliko ramani. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo.

SIKU YA TATU: KITALE HADI LODWAR

Siku hii ndiyo siku ya safari hasa. Kutoka Kitale hadi Lodwar ni karibu kilomita 300, na msafiri aondoke alfajiri ili aingie Lodwar jua likingali juu.

Kwanza ni Makutano na Kapenguria. Katika mji huu mdogo Jomo Kenyatta na wenzake watano, miongoni mwao Achieng' Oneko wa Nyanza, walishtakiwa tangu mwisho wa mwaka 1952, na tarehe 8 Aprili 1953 wakahukumiwa. Serikali ya wakati ule iliichagua Kapenguria kwa kuwa ilikuwa mbali na watu na mbali na magazeti. Ilipokwisha kesi, Kenyatta alipelekwa mbali zaidi kaskazini, kwanza Lokitaung, kisha mwaka 1959 Lodwar, alikokaa hadi 1961. Mpanda pikipiki leo aelekea upande ule ule walikopelekwa wafungwa chini ya ulinzi. Wakati huo Turkana ilikuwa wilaya iliyofungwa, na mtu wa nje hakuruhusiwa kuingia bila kibali. Serikali iliihesabu nchi hiyo kuwa gereza lisilohitaji ukuta, kwa maana jua na kiu vilitosha kuwa walinzi.

Baada ya Kapenguria barabara yashuka, kona juu ya kona, kupitia Ortum hadi lango la milima liitwalo Marich. Upande wa kulia ni milima ya Cherangany; upande wa kushoto wasimama mlima Mtelo wenye urefu wa zaidi ya mita 3,300. Mashamba ya Wapokot yaning'inia katika miteremko kana kwamba yamebandikwa. Uzuri huu una hatari yake. Mwezi wa Novemba 2019 mvua kubwa iliporomosha udongo katika milima ya West Pokot, ikaua watu zaidi ya 40, na madaraja ya barabara hii yakachukuliwa na maji. Kwa siku nyingi Turkana ilikatwa na Kitale, na chakula kikapanda bei. Basi msafiri akiona wingu jeusi juu ya milima, hata kama pale alipo jua lawaka, asiingie katika korongo. Maji ya makorongo haya hutoka mbali, na huja kama ukuta.

Kwa kushuka huku hewa hubadilika kwa muda wa saa moja tu. Mtu aliyevaa koti Kapenguria hulivua kabla ya kufika Marich. Mikononi upepo si wa baridi tena, bali ni kama pumzi ya tanuri. Hapo chini njia iendayo kushoto yafika bwawa la Turkwel, ambalo ukuta wake una urefu wa mita 153 na umeme wake ni megawati 106. Nguzo za umeme huo zapita juu ya vichwa vya watu ambao wengi wao hawana taa hata moja nyumbani.

Kisha ni Kainuk, mpakani mwa Wapokot na Waturkana. Hapa ndipo panapompima msafiri. Kutoka Marich hadi Lokichar watu wengi wameuawa kwa miaka mingi katika vita vya kunyang'anyana mifugo, na magari yamepigwa risasi barabarani. Zamani mashambulio hayo yalikuwa ya mikuki, na wazee walikuwa na njia zao za kupatanisha. Bunduki zilizoingia kutoka nchi jirani zenye vita zilibadili mambo. Mwezi wa Februari 1923 au 1953 mkuu wa wilaya angetuma askari wachache. Februari 2023 serikali ililazimika kutuma jeshi lenyewe kusaidia polisi katika kaunti za Bonde la Ufa la kaskazini.

Kwa hiyo shauri ni moja, nalo halina mjadala. Msafiri aulize katika kituo cha polisi kabla ya kuingia kipande hiki. Akiambiwa njia ni salama, aende mchana, pamoja na magari mengine ikiwezekana. Akiambiwa angoje, angoje. Akiambiwa arudi, arudi. Mtu aliyetoka Isebania kwa kelele na kuwaahidi rafiki zake picha za Nadapal huona aibu kurudi Kitale. Lakini aibu ya kurudi hupona kwa wiki moja, na risasi haina dawa. Waliozaliwa njiani hapa hawapiti usiku. Mgeni ana nini kuwazidi?

Barabara yenyewe ina historia yake. Lami ya kwanza ya Kitale na Lodwar ilijengwa katika miaka ya 1980 kwa msaada wa Wanorwe. Mwaka 1990 Kenya ilikata uhusiano wa kibalozi na Norwe, msaada ukakoma, na kwa muda wa miaka zaidi ya 20 lami hiyo ilimomonyoka hata madereva wakaona heri kupita mchangani kando yake. Tangu mwaka 2017 hivi kazi kubwa ya kuitengeneza upya sehemu ya Lokichar hadi Nadapal ilianza kwa mkopo wa Benki ya Dunia. Hata hivyo mahali mahali mpanda pikipiki atakuta mchanga umefunika njia. Hapo asifunge breki ya mbele, asikaze mikono, na asitazame gurudumu lake. Akae nyuma kidogo, apunguze mwendo kabla ya kuingia, ashike gia ya chini, na macho yake yaangalie mbali. Waangukao wengi huanguka kwa woga wa kuanguka.

Lokichar ulikuwa mji usiojulikana hadi mwezi wa Machi 2012, ilipotangazwa ya kuwa mafuta yameonekana katika kisima kilichoitwa Ngamia 1. Mwaka 2019 shehena ya kwanza ya mafuta hayo ilipakiwa melini Mombasa. Msafiri atapita nchi hiyo yenye utajiri chini ya ardhi, naye juu ya ardhi ataona akina mama wakichimba mchanga wa mto mkavu kwa mikono kutafuta maji. Hilo ni jambo la kufikiriwa na kila mwananchi, wala halihitaji maneno mengi.

Jioni yaonekana mikoma kando ya mto Turkwel, na baada yake Lodwar. Mji huu uko mita 500 hivi tu juu ya bahari. Yaani msafiri ameshuka mita 1,400 tangu asubuhi. Mvua yake ni takriban milimita 200 kwa mwaka, na joto la mchana hufika digrii 35 na zaidi. Mboga na unga wauzwao sokoni hutoka Kitale kwa barabara ile ile aliyoipita.

SIKU YA NNE: LODWAR HADI NADAPAL

Kutoka Lodwar hadi mpakani ni zaidi ya kilomita 200. Nchi ni wazi, yenye mawe meusi, migunga mifupi, na vilima vya mbali vyenye rangi ya samawati. Wachungaji wa Kiturkana huonekana wamesimama kwa mguu mmoja wakiegemea fimbo, na mkononi kila mzee ana kigoda chake kidogo kiitwacho ekicholong, ambacho ni kiti mchana na mto wa kulalia usiku. Mgeni asimamaye kusalimu husema “Ejok”, naye hujibiwa kwa moyo. Asipige picha ya mtu bila ruhusa. Akiombwa maji, atoe. Katika nchi hii maji ndiyo salamu ya kweli.

Baada ya kilomita 120 hivi yafika Kakuma. Kambi ya wakimbizi ya hapa ilianzishwa mwaka 1992 kwa ajili ya vijana waliokimbia vita vya Sudan, waliotembea kwa miguu mamia ya kilomita. Baadaye walikuja Wasomali, Waethiopia, Wakongo, Warundi na wengine, hata Kakuma ikawa mji mkubwa wenye maduka, shule na mipira ya Jumapili. Msafiri aliyedhani amefika mwisho wa dunia hushangaa kukuta watu wa mataifa zaidi ya kumi, na Kiswahili ndicho kiwaunganishacho wengi wao.

Mwisho ni Lokichoggio. Tangu mwaka 1989 ndege za msaada zilirushwa kutoka hapa kupeleka chakula Sudan ya Kusini, na kwa miaka kadhaa uwanja huu mdogo ulikuwa na ndege nyingi ajabu. Amani ilipotiwa sahihi Januari 2005, mashirika mengi yakahamia Juba, na Lokichoggio ikabaki na majengo matupu. Kutoka hapo hadi Nadapal ni kilomita 30 hivi. Kipande hiki nacho kina sifa ya mashambulio, na shauri lililotolewa juu ya Kainuk ni shauri la hapa pia. Kizuizi, bendera, askari wachache: hapo ndipo A1 inapokoma.

MIPAKA MIWILI

Mtu akiuliza faida ya kujitaabisha hivi, ajibiwe kwa kulinganisha ncha mbili za barabara. Ng'ambo ya Nadapal wanakaa Watoposa. Lugha yao na ya Waturkana ni karibu moja, asili yao ni moja, na mpaka uliowatenga ulichorwa na watu waliokuwa mbali, kama ule uliowatenga Abakuria. Watoposa na Waturkana hunyang'anyana ng'ombe. Na koo za Abakuria zimefanya vivyo hivyo, zenyewe kwa zenyewe na kuvuka mpaka, na wazee wa Isebania wakumbuka usiku waliolala na mikuki kando ya zizi. Kwa pande zote mbili ng'ombe ni mahari, ni heshima, ni akiba ya siku ya njaa. Mkulima wa Kuria aliyewahi kuamka akakuta zizi tupu hahitaji kufundishwa jinsi mchungaji wa Lokichoggio anavyojisikia.

Kwa muda mrefu watu wa kusini ya Kenya walimhesabu Mturkana kuwa mtu wa nchi nyingine, na yeye naye akisafiri Kitale alisema anakwenda Kenya. Barabara peke yake haiondoi jambo hilo. Inaweza kupitisha mahindi na mbuzi, na inaweza vile vile kupitisha bunduki. Lakini mtu aliyeketi chini ya mgunga pamoja na mzee wa Kiturkana, wakagawana maji ya dumu moja, akarudi nyumbani Isebania kwa pikipiki yake yenye vumbi, hatasema tena ya kuwa kaskazini hakuna watu. Jirani zake wakimuuliza aliona nini huko, aanze kwa kuwaambia habari za maji.